Saratani haingoji kisu ndipo isambae

Alasiri moja kibarazani kwetu Kisauni, shangazi alinishika mkono akaupeleka kwapani mwake, chini ya leso. "Hebu nigusa hapa, mwanangu." Palikuwa na mtoki mgumu kama kokwa ya zambarau, hauumi hata ukiubonyeza. Titini alikuwa na uvimbe wa miezi saba. Nilipomuuliza mbona hakwenda hospitali, alinijibu: "Kensa ikiguswa na kisu yatawanyika."

Maneno hayo huyasikia kivukoni Likoni, sokoni na matangani, na yanatuulia watu. Mgonjwa huchelewa, hupasuliwa ugonjwa ukiwa umeshaenea, akifariki lawama huangukia kisu. Ukweli ni kwamba baadhi ya seli za saratani hujichomoa zenyewe na kuingia kwenye mishipa ya damu na ya limfu, yale majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi. Mtoki wa shangazi, yaani tezi ya limfu iliyovimba, ulitokea kabla hajaguswa hata na sindano. Sindano ya kuchukua kinyama cha kupima inaweza kuacha seli chache njiani, lakini ni nadra hizo kuota, na bila kinyama hicho daktari hajui anapambana na saratani gani.

Dhana ya pili ni kwamba saratani huenda popote damu inapoisukuma. Mkondo wa damu una mchango wake, kweli: damu ya utumbo hupita kwenye ini, na saratani ya utumbo mpana hupenda kukimbilia huko. Lakini mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alipitia rekodi za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akakuta ini limevamiwa mara nyingi na wengu mara chache sana, ilhali vyote viwili hupata damu tele. Akasema mbegu huota penye udongo wake.

Sehemu ya siri ya udongo huo ni kemokini, protini ndogo ambazo seli hutoa ili kuita seli nyingine. Tunazo aina zipatazo 50. Ukipita Mji wa Kale alfajiri, jiko la mahamri hulioni, lakini kila kichochoro harufu ikizidi wajua wakaribia. Hivyo ndivyo chembe nyeupe za damu hukifikia kidonda. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kuwa seli za saratani ya matiti hubeba kipokezi, yaani protini ya kunasa kemokini, kiitwacho CXCR4. Kemokini inayokiita, CXCL12, hutolewa kwa wingi na tezi za limfu, mapafu, ini na uboho wa mifupa, palepale saratani hii inapopenda kuhamia. Walipokiziba kipokezi hicho kwa panya, saratani iliyofika kwenye tezi na mapafu ilipungua.

Ikihamia mfupani bado ni saratani ya matiti, na hutibiwa kama ya matiti.

Kisha kuna wauzaji wa dawa za "kuongeza kinga". Hapa nakasirika, kwa sababu wagonjwa huuza hata dhahabu zao kuzinunua. Si kila seli ya kinga inayofika kwenye uvimbe huja kupigana nao. Kemokini CXCL9 na CXCL10 huleta seli T zinazoua saratani, lakini uvimbe nao hutoa CCL2, unaita chembe changa za damu na kuzigeuza watumishi wake: humsaidia adui kuota mishipa mipya na kupenya.

Basi si kemokini zizibwe zote? Hapana. CXCL12 hiyohiyo ndiyo inayozishika seli mama za damu ndani ya uboho. Dawa ya pleriksafo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, huziba CXCR4 ili seli hizo zitoke zikusanywe kwa upandikizaji. Na mwaka 2014 ilionekana kwamba panya waliozibiwa CCL2, dawa ilipokatizwa, saratani yao ilisambaa kwa kasi zaidi, kwani chembe zilizokuwa zimezuiliwa ubohoni zilifurika nje. Mafanikio yapo: mogamulizumabu, inayolenga kipokezi CCR4, hutumika kwa aina fulani za saratani ya limfu, na Japani iliiidhinisha mwaka 2012.

Kwa titi, tegemeo bado ni upasuaji, kemo (dawa za kuua seli za saratani, si kemokini), mionzi, dawa za homoni na zile zinazolenga aina maalumu ya uvimbe. Shangazi alianza na kemo, na mtoki ukanywea. Titi lilipotolewa, mitoki ya kwapani ilitolewa siku hiyohiyo.