Masomo ya Mtandaoni Vyuoni: Yale Utafiti Unayosema na Yale Yanayowapotezea Wanafunzi Alama

Tangu muhula huu uanze, kitengo chetu cha ubora wa ufundishaji kimepokea malalamiko ya aina mbili. Wazazi wanauliza kwa nini walipe ada kamili ilhali kijana wao anasomea kwenye simu, na wanafunzi wanadai wamenyimwa alama za kazi ambazo wanaamini walikwisha kuziwasilisha. Tunaamini wote wanauliza kwa nia njema, na wote wanastahili jibu.

Kwa wazazi, ni vyema ieleweke kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kwa zaidi ya miaka 30 kimefundisha kwa masafa watu walio kazini na majumbani mwao. Kinachoipa shahada uzito ni usajili wa chuo na ithibati ya programu kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo pia ndiyo hupokea maombi ya utambuzi wa tuzo za masomo zilizopatikana nje ya nchi. Hili tumelieleza mara nyingi, na inasikitisha kuona bado wapo waajiri wanaomuuliza mhitimu alikaa darasa gani badala ya kumuuliza anajua nini.

Hata hivyo, hatusemi kwamba mtandao unafundisha wenyewe. Uchambuzi uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Marekani mwaka 2010, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionesha kwamba waliosoma mtandaoni walifanya vizuri kidogo kuliko wa darasani, na kwamba nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale mtandao ulipochanganywa na masomo ya ana kwa ana. Lakini watafiti hao hao walitahadharisha kwamba waliochanganyiwa njia hizo mbili mara nyingi walipewa pia muda na nyenzo za ziada. Mwaka 2014, watafiti Di Xu na Shanna Jaggars walifuatilia matokeo ya kozi karibu 500,000 katika vyuo vya jimbo la Washington, Marekani, wakakuta kwamba kwa jumla wanafunzi walishuka walipohamia mtandaoni, na walioshuka zaidi ni vijana wadogo, wanaume, na wale ambao tangu awali alama zao zilikuwa za chini. Kwetu sisi huo ndio utafiti wa kukosesha usingizi, kwa sababu mwanafunzi anayehitaji msaada zaidi ndiye anayepotea kimya kimya bila mtu kumwona.

Hapo lawama inatuangukia sisi walimu kwanza. Mhadhiri anayepakia rekodi ya saa mbili na kutoweka hadi wiki ya mtihani hajafundisha. Utafiti wa mwaka 2014 uliopitia vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ulionesha kwamba watazamaji huanza kuchoka baada ya dakika sita hivi. Kinachomshika mwanafunzi ni kujibiwa swali lake, kusahihishiwa kazi mapema, na kujua kwamba yupo mtu anayemtarajia siku ya Jumatano.

Sasa tuje kwenye alama. Binti wa mwaka wa pili alituletea simu yenye kioo kilichopasuka, akatuonesha jina la faili lake likiwa ndani ya Moodle, yaani mfumo wa mtandaoni wa kusomea na kuwasilisha kazi. Faili lilikuwapo kweli, lakini chini yake mfumo uliandika kwamba ni rasimu. Kupakia faili ni hatua moja na kuliwasilisha ni hatua nyingine: mwalimu anapoweka sharti hilo, ni lazima mwanafunzi abonyeze kitufe cha kuwasilisha, athibitishe kwamba kazi ni yake, kisha asubiri hadi hali ibadilike na kusomeka kuwa imewasilishwa kwa ajili ya kusahihishwa. Piga picha ya ukurasa huo na uihifadhi. Muda unaohesabiwa ni wa seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, si wa saa ya simu yako, kwa hiyo anayeanza kupakia dakika mbili kabla ya mwisho, bando likiwa linakaribia kuisha, amejiweka hatarini mwenyewe.

Kumpa mwenzako nywila ili akufanyie jaribio ni udanganyifu wa mtihani, wala haijalishi kwamba mlikuwa chumba kimoja na mlisaidiana kwa upendo. Mfumo huweka kumbukumbu ya akaunti iliyoingia, wakati na anwani ya mtandao iliyotumika, na kumbukumbu hiyo hupelekwa mbele ya kamati. Aliyetoa nywila na aliyeitumia wote hujibu, na adhabu huweza kufikia kufutiwa matokeo au kuondolewa masomoni kwa mujibu wa kanuni za chuo husika.

Kwa wanaoishi penye mtandao hafifu, programu ya simu ya Moodle huruhusu kupakua nyenzo nyingi za kozi na kuzisoma bila intaneti. Mtandao ukikatika wakati wa jaribio, mwandikie mwalimu wa somo siku hiyo hiyo, utaje saa na uambatanishe picha ya ukurasa ulipokwama. Malalamiko yanayotufikia baada ya matokeo kutangazwa, bila ushahidi wowote, yanatuwia vigumu sana kuyasaidia.