Mita ya kibano: vitu tunadanganyana kwa benchi

Hapa Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, ukishinda kwa stoli ya fundi siku moja tu utasikia mambo. Tangu hizi mita za kibano zianze kuonekana, zile za DT71 na LCR-ST1 na ndugu zao, ncha mbili na kaskrini kadogo, unafinya kapasita (ile sehemu inaweka chaji) inakusomea, kila mtu amekuwa daktari. Anafinya, anasoma namba, anatingisha kichwa, anasema "hii imekufa" na sehemu yenyewe ni nzima kabisa.

Mimi naipenda hii kitu, tusielewane vibaya. Risista (sehemu ya kuzuia mkondo) ya saizi ya 0402 ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita, sasa ishike na probu mbili za mita ya kawaida na hujakunywa chai, ikiruka imeenda hiyo, utapiga magoti sakafuni mpaka jioni. Na risista kubwa kidogo kuliko hiyo angalau inaongea, ukiona 103 unajua ni kilo omu 10, ukiona 4R7 ni omu 4.7, lakini zile kapasita ndogo za kauri za rangi ya kahawia haziandikwi kitu juu, ni bubu, usipoipima hujui chochote. Hapo kibano haina mpinzani. Shida ni haya maneno yanazunguka nayo.

Dhana: unapima tu ikiwa kwa bodi, hakuna haja ya kutoa

Hii ndio inaleta vita kila siku. Kuna kijana ananisaidia kazi, juzi alikuwa na bodi ya laptopu, anafinya kapasita ya 10uF (uF ni mikrofaradi, kipimo cha ukubwa wa kapasita) kwa laini ya 3.3V, skrini inamwonyesha zaidi ya 100uF, akaniita mbio, "mkubwa, hii imepanda!" Haijapanda popote. Kwa ile laini kuna kapasita kama kumi na kitu na zote zimekaa sambamba, upande mmoja kwa laini na upande mwingine kwa graundi, na zikikaa hivyo zinajumlishana. Yeye hakupima kapasita, alipima familia nzima.

Risista nayo iko kinyume. Chochote kilichokaa sambamba nayo kinaishusha, hakuna kitu kinaweza kuipandisha. Hapo ndio kuna ujanja wa bure, risista ya kilo 10 ikisoma kilo 4 ikiwa kwa bodi bado hujui kitu, labda ni mzima labda sio, lakini ikisoma kilo 30 na bodi imezimwa na haina chaji imebaki popote, hiyo imekwisha, itoe bila kufikiria mara mbili.

Sasa usiniambie basi kupima ndani ya bodi ni bure kabisa. Mita nyingi za kibano zinatumia mawimbi madogo ya kupimia, unaweza kushusha mpaka 0.3V hivi, na dayodi ya silikoni, ile sehemu inapitisha umeme upande mmoja tu, haifunguki mpaka ifike karibu 0.6V. Kwa hivyo zile IC (chipu) na dayodi zilizo jirani zinabaki zimelala, haziingilii sana. Mita ya kawaida ikiwa kwa modi ya dayodi inaziamsha zote. Lakini kulala kwa IC hakuondoi zile kapasita jirani, hizo bado ziko.

Na tukiwa hapo, laini ikiwa na shoti, yaani imegusana na graundi, kila kapasita ya ile laini itasoma shoti. Zote. Kibano haitakuambia ni gani ndio mwizi. Nimeona mtu ametoa kapasita tisa moja baada ya nyingine kwa simu ya mteja, ya tisa ndio ilikuwa yenyewe, na zile nane hazikurudi zote. Afadhali uingize volti kama 1 kwa ile laini na mkondo wa kutosha, upake rozini (utomvu mgumu wa kuchomelea) au moshi wake juu, uone ni wapi inayeyuka kwanza. Pia angalia vizuri kabla hujaita kitu shoti, laini ya CPU ya laptopu inaweza kusoma omu 2 au hata chini na ni mzima, ndivyo hizo prosesa zilivyo.

Dhana: kapasita ikisoma uF zake basi ni nzima

Hii imenilisha aibu. Tivi ililetwa, taa nyekundu inawaka inazima inawaka inazima, haifunguki. Kwa bodi ya pawa kuna zile kapasita za kopo za 1000uF 16V, hazijafura, kichwa kimelala sawa, nikatoa moja nikafinya, 930. Nikasema hii iko poa, nikaanza kusumbua IC ya pawa, nikaibadilisha, bado. Siku mbili. Mwishowe nikarudi kwa ile kapasita nikabadilisha frikwensi ya mita kutoka 100 Hz mpaka 100 kHz na nikaangalia ESR, yaani ukinzani wa ndani ya kapasita, badala ya uF, ikasoma karibu omu 1. Kapasita nzima ya aina ile inatakiwa iwe miliomu kadhaa tu, makumi kadhaa.

Ujue pawa saplai ya tivi haifanyi kazi kwa 100 Hz, inakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde moja, na hapo ndani maji ya kapasita yakianza kukauka kinachoharibika kwanza mara nyingi ni ESR, ile uF inabaki inakupa moyo. Kwa hivyo uF ya kapasita ya kopo ipime kwa 100 au 120 Hz kwa sababu ndivyo kiwanda kinaipima, halafu ESR ipime juu, 100 kHz kama mita yako inafika, 10 kHz ikikosa. Namba mbili, sio moja.

Na ukiacha mita kwa oto, ijiamulie yenyewe ni sehemu gani, kapasita mbovu sana inaweza kukuandikia ni risista. Haijachanganyikiwa sana, kusema ukweli, kwa sababu ikiharibika vya kutosha inakuwa na tabia ya risista kweli.

Dhana: namba ya kapasita ya kauri ni ile ile popote

Hapana. Zile za X5R na X7R, aina za kauri zenye uF nyingi, ni viumbe vya ajabu. Ukiitoa na blowa ya hewa moto, ikapoa, ukaipima hapo hapo, inasoma juu kidogo, halafu inashuka polepole masaa na siku zinavyopita, ule moto umeirudisha ujana. Usianze kugombana na aliyekuuzia. Kubwa kuliko hilo, kibano inaipima ikiwa haina volti ya DC juu yake. Kapasita ndogo ya 10uF iliyotengenezewa 6.3V, ukiiweka kwa laini ya 5V inaweza kubaki na chini ya nusu ya uF zake, na kibano haitakuonyesha hilo hata ukiifinya mpaka kesho. Ndio maana ukibadilisha usiangalie uF peke yake, angalia saizi na volti pia. Za C0G, aina nyingine ya kauri, hazina hizi drama, lakini hizo ni za thamani ndogo ndogo.

Dhana: haihitaji kuseti, washa upime

Kwa risista ya kilo 10 sawa, pima tu. Lakini zile ncha mbili zenyewe ni kapasita, zikikaa karibu karibu zina karibu pikofaradi 1, na kuna kapasita za upande wa antena za 2.2 pikofaradi. Hesabu mwenyewe. Fungua ncha ziwe na nafasi sawa na ile sehemu unataka kupima, piga ziro, ndio upime. Upande wa pili, risista za kupima mkondo zilizoandikwa R010, hiyo ni omu 0.01, uchafu wa flaksi (dawa ya kuchomelea) kwa ncha peke yake unaizidi. Hiyo sipimi na kibano, na sioni haya kusema.

Tukiwa kwa uchafu, hii sio kibano ya kushikia vitu chini ya blowa. Mtu anakuazima anakurudishia ncha nyeusi, halafu unashangaa mbona namba zinacheza.

Dhana: inapima LED na zena zote

LED nyeupe ya mgongo wa tivi inataka karibu volti 3 kuwaka, zingine 6, mita yako ikiwa haitoi hiyo volti itasema LED imekatika na iko nzima. Tafuta testa ya LED. Zena nayo, ile dayodi ya kushikilia volti, utaona tu upande wake wa mbele kama dayodi yoyote ile, kama ni ya 5.1V au 12V kibano haijui.

Dhana: ukichomoa waya kwa ukuta uko salama

Umeme wetu ni 240V, ukipita kwa daraja la dayodi ile kapasita kubwa ya upande wa kuingilia umeme inachajiwa mpaka karibu 340V, na risista ya kuimwaga ikiwa imekatika hiyo chaji inakaa tu inakungoja. Pima kwanza na mita ya kawaida kwa volti za DC, imwage na risista ya kilo kadhaa ya wati kubwa kidogo, usiimwage na bisibisi, pima tena, ndio ulete kibano. Mimi kibano yangu ya kwanza ilikuwa na wiki tatu. Nilikuwa na haraka, mwenye tivi amesimama hapo dirishani anauliza kama imeisha, nikafinya. Ilitoa tiki moja ndogo, na skrini ikazima ikabaki imezima. Bado iko kwa droo, siku hizi naokotea nayo skrubu.