Kimulimuli hana fosforasi, naomba hili liishe leo

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Niko kwenye kiwanda kimoja cha maziwa, sisemi kipi wala mkoa gani, saa kumi na moja alfajiri kabla hawajaanza kupokea maziwa, nimesugua swabu (kijiti cha pamba chenye dawa inayotoa mwanga ikikuta uchafu) kwenye maungio ya bomba la kutokea tangini, nimeivunja, nimeitikisa, nimeiingiza kwenye mashine inayopima mwanga huo, nasubiri sekunde zangu kumi na tano, inasoma 612. Kwa mashine ya pale mwisho wa kuruhusiwa ni 30. Nikamwambia msimamizi wa zamu, kaka hapa bado, osheni tena. Akaniangalia kama mtu anayedaiwa kodi. "Madam, hiyo dawa yako si ndo ile ya kimulimuli? Na kimulimuli si ana fosforasi? Sasa hiyo lazima iwake tu hata bomba liwe safi vipi, fosforasi inawaka yenyewe."

Miaka tisa napima usafi viwandani na hii hoja nimeisikia kwa mafundi, kwa shemeji yangu, kwa mwalimu wa sayansi wa mtoto wangu (huyu aliniuma kweli), na nikiwa mdogo kwa bibi Muheza tuliambiwa usimshike kimulimuli kisha ukafikicha macho, utababuka, ana fosforasi mkiani. Sikuwahi kubabuka. Nilikuwa najaza kopo zima.

Tuanze na fosforasi yenyewe basi. Inayong'aa gizani ni ile nyeupe, aliyoipata Hennig Brand kule Hamburg mwaka 1669 akichemsha mkojo akitafuta dhahabu, nawaachia hapo hilo. Inang'aa kwa sababu inaungana na hewa taratibu, na jina lake la Kigiriki maana yake ni mbeba mwanga, nadhani ndo chanzo cha huu mkanganyiko wote: mtu akiona mwanga bila moto anasema fosforasi. Ila fosforasi nyeupe ni sumu kali, na joto likizidi kidogo nyuzi 30 inashika moto yenyewe hewani. Kimulimuli angekuwa nayo mkiani, kwa joto la Dar mwezi wa pili angeungua kabla hajatongoza mtu. Na kama unasema "fosforasi" kwa maana ya ile iliyomo kwenye chakula, hiyo iko kwenye mifupa yako, iko kwenye dagaa tele, mbona sufuria la dagaa haliwaki usiku?

Hapa sasa mjanja mmoja huwa ananyoosha kidole: lakini madam, ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, si ni adenosini trifosfeti, na fosfeti si ndo fosforasi? Ndiyo. Na hili ndo linaloniudhi kuliko lote, kwa sababu ni nusu ya ukweli na nusu ya ukweli ni ngumu kuing'oa.

Ndani ya mkia wa kimulimuli kuna lusiferini, ndo kemikali inayounguzwa, kuna enzaimu (protini inayoharakisha mmenyuko) inaitwa lusiferesi, kuna magnesi, kuna ATP, na kuna oksijeni inayokuja kwa vipindi. Kwanza lusiferini inaungana na ATP juu ya enzaimu, fosfeti mbili zinaachwa, inabaki lusiferini iliyobebeshwa kipande cha ATP. Halafu oksijeni inaishambulia hiyo, kinatokea kitu cha ajabu kisichodumu, kinakatika, kinatema kaboni dioksaidi, na kinachobaki kiko kwenye hali ya kupandwa na mzuka, kikitulia kinatoa mwanga. Basi. Sasa watu wengi, pamoja na vijana waliosoma baiolojia hadi chuo, wanasema ATP ndo inageuka kuwa mwanga. Haiwezi! Piga hesabu mwenyewe. Mwanga wa njano-kijani wa nanomita 560, mole moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya fotoni zake, yaani chembe za mwanga, inabeba kama kilojuli 214. Mole moja ya ATP ikivunjika inatoa kama 30, ukiihurumia kwa mazingira ya ndani ya seli sema 50. Hizo nyingine zitoke wapi, mfukoni kwa nani? Zinatoka kwenye oksijeni kuiunguza lusiferini, pale inapokatika. ATP ni mpini. Bila mpini jembe halilimi, hilo sibishi, ila anayesema mpini ndo umelima hajawahi kushika jembe.

Kwa hiyo fosforasi ipo kwenye chumba, haikuleta mwanga. Ndo hivyo.

Na kuna kitu ambacho mimi mwenyewe kilinichukua muda kukielewa, japo nilikuwa natumia swabu kila siku. Swabu yangu na mkia wa kimulimuli ni mmenyuko uleule, ila kila mmoja anazuia kitu tofauti. Kwenye swabu nina lusiferini, enzaimu, magnesi, oksijeni ya hewani bure, nakosa ATP tu. Kila kilicho hai kina ATP, bakteria, chembe za maziwa, jasho la kidole chako, kwa hiyo nikigusa uchafu wa namna hiyo mwanga unatoka, nikigusa safi hakuna mwanga. Kimulimuli yeye ATP anayo muda wote, kama wewe na mimi, angeiachia ifanye kazi angewaka mfululizo kama taa ya choo. Anachozuia yeye ni oksijeni.

Anaizuiaje? Seli za taa yake zimepangwa kuzunguka mirija midogo ya hewa, na ukiangalia picha za hadubini utakuta mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli vinavyotumia oksijeni, zimejazana pembeni, karibu na mirija, halafu vifuko vyenye lusiferini viko ndani zaidi. Mitokondria zinakula oksijeni yote mlangoni, kule ndani haifiki, giza. Amri ikitoka kwenye ubongo inapita kwenye neva, neva inamwaga oktopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, na mwaka 2001 watafiti Trimmer na wenzake wakaonyesha kwamba kuna naitriki oksaidi hapo katikati, ile gesi inafunga mdomo mitokondria kwa muda mfupi, oksijeni inapita, mwanga! Mwanga wenyewe kisha unasaidia kuziamsha mitokondria zirudi kula. Maelezo matamu sana, vitabu vingi vinayatoa kama msumari umeshagongwa. Haujagongwa. Wapo wanaosema kazi inafanywa na maji yaliyo kwenye ncha za mirija ya hewa, yakivutwa oksijeni inaingia, na wapo wanaosema mdudu anatumia peroksaidi iliyotengenezwa ndani ya seli badala ya kusubiri hewa. Mimi naegemea naitriki oksaidi, ila nikiwaza kasi, kuna spishi zinapepesa mara nyingi kwa sekunde moja, gesi isambae, ifunge, ifunguliwe, irudie? Roho inasita kidogo.

Kingine, ile picha ya WhatsApp yenye maandishi ya dhahabu: "Taa ya Kimulimuli Hutumia Asilimia 100 ya Nishati, Mwanadamu Ameshindwa." Hii inarudi kila msimu wa mvua. Ilianzia kwa wanasayansi wa Marekani, Seliger na McElroy, mwaka 1960, walipima wakapata 88 kwa mia, na hawakusema nishati, walisema katika molekuli mia za lusiferini zilizounguzwa, 88 zilitoa fotoni. Kuhesabu molekuli sio kuhesabu nishati. Ukihesabu watu mia walioingia daladala hujahesabu mafuta. Watu wakaikuza ikawa 90, 98, mia kamili. Kisha mwaka 2008 Wajapani, Ando na wenzake, wakapima upya kwa vyombo vya kisasa, ikaja 41. Arobaini na moja! Zaidi ya nusu ya lusiferini inaungua bila kutoa mwanga wowote. Na hiyo 41 bado ni ya juu sana ukilinganisha na viumbe wengine wenye mwanga, na kweli haitoi joto la kuhisi mkononi, sijui kwa nini sifa ya kweli haitoshi mpaka iongezwe chumvi.

Jina lenyewe la Kiswahili limetuponza kidogo. Kumulika ni kuelekeza mwanga ili uone kitu, mulika hapa nitafute funguo. Kwa hiyo ukimuuliza mtoto atakwambia kimulimuli anajimulikia njia. Hajimulikii. Mimi napenda zaidi ile maana nyingine ya vimulimuli, ya taa za juu ya magari ya msafara: zile hazimuliki barabara, zinasema "pisha". Kimulimuli naye anasema kitu. Kule mashariki ya Marekani kuna kimulimuli aitwaye Photinus pyralis, wameandikwa mno kwa sababu wako kwenye bustani za watu, dume anaruka jioni akichora kama herufi J kwa mwanga, karibu kila sekunde sita, jike ametulia kwenye nyasi, akimpenda anahesabu kama sekunde mbili ndo anajibu. Ucheleweshaji ule ndo kitambulisho, akijibu mapema au akichelewa dume anajua huyu sio wetu. Kukiwa na baridi mapigo yote yanapungua kasi. Japani hata spishi moja ina lafudhi, kimulimuli wao genji-botaru, wa magharibi dume anapepesa kila sekunde mbili, wa mashariki kila nne.

Na penye lugha pana utapeli. Jike wa Photuris, aina nyingine ya kimulimuli, akishajua jibu la jike wa Photinus analiiga, dume anashuka na matumaini yake yote, analiwa. Mtafiti James Lloyd aliliandika hili miaka ya 60. Baadaye Thomas Eisner wa Cornell na wenzake wakaonyesha mwaka 1997 kwamba jike hatafuti shibe tu, anachukua na sumu ya mwenzie, jamii ya sumu ya chura, ili buibui wamkimbie. Mwanga unawezekana kabisa ulianza hukohuko, kwenye sumu, kabla ya mapenzi: lava wao (watoto wao kabla hawajakomaa) wanaokula konokono chini ya majani wanang'aa na hawana wa kumtongoza, wanasema tu "mimi mchungu". Kuna waliokomaa wa ukoo huohuo wanaotembea mchana, taa hawana, wanatafutana kwa harufu. Na kimulimuli ni dundu, ni jamii ya mbawakawa, sio nzi kama jina lake la Kiingereza linavyodai, nilisahau kusema.

Haraka haraka, kwa waliouliza kipindi cha korona: lusiferini haina uhusiano na Shetani hata kama jina linafanana na Lusifa, mwanasayansi Raphaël Dubois aliipa jina miaka ya 1880 kwa Kilatini cha "mbeba mwanga", walewale wa fosforasi, ni Kilatini tu sio Kigiriki. Na hatusagi wadudu kupata swabu. Zamani walisaga, McElroy kule Baltimore alikuwa anawalipa watoto senti 25 kwa kila vimulimuli mia, lakini jeni ikapatikana mwaka 1985 na siku hizi enzaimu inafugwa kwenye bakteria. Ni enzaimu isiyovumilia joto. Ukiitia asidi mwanga unageuka mwekundu, nimeshawahi kufanya hivyo stoo taa zimezimwa, tyubu ya kijani ikawa kama kaa la sigara, nikaguna peke yangu.

Sasa nirudi kwa kaka yangu, maana kwenye jambo moja alikuwa na haki ya kunishuku ila hakulijua. Namba 612 sio idadi ya bakteria. Inaweza kuwa maziwa yaliyokauka bila mdudu hata mmoja. Mashine ya kampuni nyingine ingesoma namba tofauti kabisa, hazilinganishwi. Virusi haioni, hawana ATP. Na mbaya zaidi, mkiacha klorini nyingi kwenye bomba inaua enzaimu yangu nasoma 3 naenda nyumbani nimefurahi. Nimeshapitishwa hivyo, mara ngapi sijui. Angeniuliza hayo ningekaa kimya.

Lakini aliniuliza fosforasi. Nikachukua swabu mpya, sikugusisha popote, nikaivunja mbele yake, nikaitikisa, nikaiingiza. Mambo yote ya kimulimuli yamo humo, kasoro ATP. Ikasoma 0. Akasema mashine imeganda. Nikampa ya pili aivunje mwenyewe, 0. Akakaa kimya, akaita fundi aje na spana. Maungio yakafunguliwa, raba ya ndani imepasuka upande mmoja, na kwenye ule mpasuko kuna utando mweupe laini unanuka kama chupa ya mtoto iliyosahaulika kwenye begi. Raba ikabadilishwa, wakapitisha sabuni, maji ya moto, wakasuuza. Saa moja kasoro, magari ya maziwa yameshapanga foleni nje yanapiga honi, nikasugua tena palepale. 7.

Msimamizi akasaini karatasi bila kuniangalia.