Uwekezaji wa kampuni katika jamii: maana yake na unavyofanyika

Meneja wa benki anapokabidhi madawati mbele ya kamera, na mkuu wa wilaya akatoa shukrani, hapo tumeona msaada. Si jambo baya. Kuna watoto walioacha kukaa sakafuni siku hiyo. Uwekezaji katika jamii unakwenda mbali zaidi. Kampuni hutenga fedha, muda na utaalamu kwa miaka kadhaa, kwa lengo ambalo wenyeji wamelikubali, kisha hurudi kupima kilichobadilika. Haingojei gawio kutoka kwenye fedha hizo. Inachotaka ni majirani wasiofunga barabara, vijana wenye ujuzi wa kuajirika na wateja wenye kipato. Ni maslahi, na hakuna haja ya kuyaficha.

Usichanganye na kodi. Ushuru wa huduma ambao kampuni hulipa kwa halmashauri ni deni la kisheria, na anayelipa deni hajamfadhili mtu.

Sehemu nyingi jambo hili ni hiari, ila si kote. India, kwa sheria ya kampuni ya mwaka 2013, kampuni kubwa zinatakiwa kutumia asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu. Tanzania haikuweka asilimia, iliweka utaratibu: tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni huandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri, kwa kufuata vipaumbele vya halmashauri yenyewe. Ndiyo maana Geita au Tarime, kwenye migodi ya dhahabu, utawasikia madiwani wakibishana kuhusu "fedha za CSR", yaani fedha za kampuni kwa ajili ya jamii, kama wanavyobishana kuhusu bajeti.

Na mara nyingi kinachobishaniwa ni maboma, yaani majengo yaliyoishia njiani. Wanakijiji wamechanga mawe, mchanga na nguvu zao, ukuta wa darasa umefika kwenye linta, pesa zimekata. Mvua mbili zikipita, tofali za juu zinaanza kumomonyoka. Kampuni ikileta mbao, bati na saruji, darasa linakwisha ndani ya miezi michache, na wananchi wanalihesabu kuwa lao kwa sababu jasho lao limo. Lakini mwalimu huajiriwa na serikali. Darasa jipya lisilo na mwalimu wa hisabati ni jengo tu, kwa hiyo mpango mzuri humweka ofisa elimu mezani kabla fundi hajaitwa.

Kwa msichana, ada peke yake haitoshi. Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016, lakini shule ya kata iliyo mbali bado humtoa binti nyumbani alfajiri na kumrudisha magharibi. Bweni linaweza kumsaidia kuliko hundi ya ada. Kenya, mpango wa Wings to Fly wa taasisi ya Equity, ulioanza 2010, ulilielewa hili: mwanafunzi hodari kutoka familia maskini hulipiwa karo ya sekondari, na pia hupewa sare, vitabu, nauli, fedha za matumizi na mlezi wa kumshauri.

Upande wa kuwawezesha wanawake kiuchumi ndiko ninakoona kampuni nyingi zikikosea. Kikundi kinapewa vyerehani kumi na semina ya siku mbili, wote wanashona sare za shule ileile moja, na Januari ikipita hakuna mteja. Wakati huohuo, jikoni kwa kampuni hiyohiyo mayai na mboga hutoka mjini kwa lori. Mama anayefuga kuku kijijini hapati zabuni: anadaiwa leseni, namba ya mlipakodi na mashine ya risiti, na akifanikiwa kuingia analipwa baada ya siku 60. Kuku hawasubiri siku 60 kula. Pumba ataikopea kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na faida yote itaishia huko.

Kumwezesha mama huyo kungeanzia ofisi ya manunuzi: kugawa zabuni vipande vidogo, kupokea mzigo kupitia kikundi chao kilichosajiliwa, na kulipa ndani ya wiki moja. Hapo hata mafunzo ya kutunza hesabu yanapata kazi, maana kuna hesabu za kutunza.

Kupima nako kuna mtego. Coca-Cola ilipoanza mpango wake wa 5by20 mwaka 2010, ililenga kuwafikia wanawake milioni 5 kufikia 2020, wakiwemo wauzaji na wakulima katika mnyororo wake wa biashara. Idadi ya namna hiyo inavutia, lakini neno "kuwafikia" linaweza kumbeba aliyehudhuria semina moja na aliyepata mtaji sawia. Ukiisoma taarifa ya mwaka ya kampuni yoyote, ruka picha za makabidhiano. Tafuta wasichana wangapi wamemaliza kidato cha nne, na wanawake wangapi bado wanauza mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa.