Maumivu ya misuli ya kesho yake hayaletwi na asidi

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu ya wakimbiaji: eti baada ya mazoezi makali asidi ya laktiki (laktiki kwa kifupi, kemikali ambayo misuli hutengeneza ikifanya kazi kwa nguvu) hubaki kwenye misuli na kukuumiza siku mbili, hivyo ni lazima ukandwe au ukae kwenye maji ya barafu ili itoke.

Si kweli. Laktiki hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, hata ukipumzika tu, kwa kuwa mwili huitumia kama nishati. Maumivu hufikia kilele saa 24 hadi 72 baadaye, na hutokana na mipasuko midogo kwenye nyuzi za misuli pamoja na uvimbe unaofuata. Jipime mwenyewe: teremka mlima mrefu polepole. Hutahema sana, kwa hiyo laktiki itakuwa kidogo, lakini kesho mapaja yatauma.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kukandwa na maji baridi kweli hupunguza maumivu kiasi. Kilichokosewa ni sababu. Tena, barafu kila baada ya kunyanyua vyuma inaweza kupunguza ukuaji wa misuli. Mimi ningetanguliza usingizi na chakula.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Na mkojo ukigeuka kahawia baada ya mazoezi, huenda misuli imeumia vibaya, hivyo usitafute wa kukukanda. Nenda hospitali siku hiyohiyo.