Biskuti za chokoleti zinakauka? Anzia kwenye sukari

Wengi wanaonunua biskuti kwangu hapa Kampala hurudi na swali lile lile: wakioka nyumbani zinatoka ngumu na kavu, ilhali kipimo wamekifuata barabara. Nawaamini. Kosa haliko mikononi mwao, liko kwenye sukari.

Kipimo kinachotumika kila mahali kinatokana na cha Ruth Wakefield, aliyekuwa na mkahawa wa Toll House huko Whitman, Massachusetts, nchini Marekani, miaka ya 1930. Unga wa ngano gramu 280, magadi soda kijiko kimoja cha chai, chumvi vivyo hivyo, siagi gramu 225, sukari nyeupe gramu 150, sukari ya kahawia gramu 165, mayai mawili, vanila kijiko cha chai, chokoleti gramu 340. Magadi soda ninayosema ni ule unga mweupe laini wa paketi, siyo magadi ya mawe ya kuivishia maharage.

Sasa, sukari ya kahawia inayotajwa hapo siyo hii yetu ya dukani. Yetu ni chenga kavu. Ikamate kiganjani, ikaze, ukifungua ngumi inamwagika yote. Ile yao ina molasi nyingi (ule uji mzito mweusi wa miwa) na unyevu, ukiikaza inabaki donge lenye alama za vidole. Molasi hiyo hushika maji, ndiyo maana biskuti hubaki laini katikati hata kesho yake. Tena ina uchachu kidogo, na magadi soda yanahitaji uchachu ili yafanye kazi.

Dawa tunayo sokoni: sukari guru. Chagua iliyo nyeusi, ikwaruze kwenye matundu madogo ya kikwaruzo cha karoti, kisha uitumie badala ya sukari yote ya kahawia, gramu kwa gramu. Itanukia miwa na itagandana vidoleni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiikosa, changanya sukari ya dukani na kijiko kikubwa cha molasi ya kuliwa na watu, usichukue ile ya kulishia ng'ombe.

Siagi iwe laini lakini isiwe imeyeyuka: ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, juu haijaanza kung'aa kwa mafuta. Mchana wa Kampala hali hiyo haidumu, basi mimi napendelea kuanza asubuhi. Majarini ya kupaka mkate siikubali kabisa kwa biskuti hizi. Ina maji mengi kuliko siagi, na harufu yake haifanani. Piga siagi na sukari zote mbili mpaka rangi ipauke, tia mayai moja moja na vanila (ya Mukono au Bundibugyo, mbona tunayo nzuri), kisha unga uliochekechwa na chumvi na magadi. Unga ukishapotea, acha kukoroga. Chokoleti naikata kwa kisu, vipande vikubwa na vidogo, ili kuna vinavyoyeyuka na kuna vinavyobaki vya kutafuna.

Halafu friji, angalau saa moja, ukiweza usiku kucha. Siagi inaganda tena, unga unanywa maji ya mayai, na biskuti hazitandai hadi kushikana trei nzima. Walioko Kabale, huko juu zaidi ya mita 1,800, wapunguze magadi kidogo, maana milimani hutandaa zaidi.

Oveni nyuzi 190, dakika 9 hadi 11. Zikitoka friji huenda zikataka dakika moja zaidi. Ukiokea sufuria kwenye sigiri, makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini. Zitoe kingo zikiwa za kahawia na katikati bado kukiwa kumepauka, kama hazijaiva. Ziache palepale kwenye trei dakika tano ndipo uzinyanyue. Joto la trei linamalizia kuzipika, na ukizigusa kabla ya hapo zitakatika.