Kunyoa hakuoteshi nywele zilizounguzwa na dawa

Mama anapopoteza nywele baada ya kuunguzwa na dawa ya kulainisha, ushauri wa kwanza nyumbani huwa ni kumnyoa upara, kwa imani ya miaka mingi kwamba wembe huzifanya nywele ziote nzito zaidi. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, aliichunguza imani hiyo kwenye ndevu za wanaume asione badiliko lolote, kwa kuwa unywele huotea ndani ya ngozi, wembe usikofika. Ugumu unaohisiwa baadaye ni ncha butu tu. Kunyoa kwa ajili ya unadhifu si vibaya, lakini kinachoamua ni kinyweleo, yaani kitundu cha ngozi unamoota unywele. Ikiwa dawa ilikata nywele bila kujeruhi ngozi, zitarudi kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi, mradi asipakwe dawa tena wala kusukwa kwa kukaza. Palipobaki kovu laini linalong'aa, lisilo na vitundu, kwa kawaida nywele hazioti tena, hata kwa maji ya kitunguu, ambayo juu ya kidonda huongeza maumivu bure. Ngozi ikiwa bado inauma au ina malengelenge, mpelekeni mapema kwa daktari wa ngozi, kabla kovu halijajengeka.